Ufunguo wa Eleuterio

Walikuja watatu, mwanamke mmoja na wanaume wawili,
saa nane za mchana, Desemba, mji wa Goya umelala
na mbwa wameacha kubweka kwa ajili ya joto.
Niliwamiminia maji ya ndimu. Hawakuyagusa.
"Yale mate uliyotupa mwaka jana," mwanamke akasema,
"yamezungumza."

Kumbe lile kaburi la kisiwani, mstari wa nne kutoka kwenye uzio,
lililoandikwa kwamba askari huyu Mungu pekee amjuaye,
lilikuwa la kaka yangu.
Miaka thelathini na mitano Mungu amekujua peke yake.
Sasa tuko wawili.

Eleuterio, uliyemenya chungwa kwa ganda moja lisilokatika
ukalitundika sikioni kama hereni, ili nicheke,
uliyedaiwa na kinyozi,
uliyepiga mluzi vibaya, lakini kwa bidii,
walikuvisha sare ya nchi ya joto
wakakupeleka mahali ambapo ardhi hutoa maji
ukiikanyaga tu.
Barua yako ya mwisho ina mistari sita.
Mitatu unauliza habari za ng'ombe.
Mmoja unasema: huku upepo hauna adabu, nitumieni soksi.

Mama alifuma usiku kucha, sufu ya kijivu.
Kifurushi alikipeleka posta Jumatatu.
Wewe ulikuwa maiti tangu Ijumaa.
Kiliporudi, kimegongwa muhuri wa bluu,
alizifumua soksi safu kwa safu, jicho kavu,
akauviringa uzi ukawa donge kama ngumi,
na donge lile halikuwa kitu kingine tena.

Baadaye alibadilisha paa.
Akabadilisha mlango, uliokuwa umeliwa na mchwa.
Ila kitasa alikataa katakata.
Kihamishe hicho hicho, alimwambia seremala,
mwanangu ana ufunguo wake.
Seremala alikihamisha, na hakutaka malipo,
jambo lililomuudhi Mama hadi siku tuliyomzika.

Basi wageni wakanipa mfuko wa plastiki.
Ndani: kitana kilichobaki na meno matano,
sarafu moja isiyonunua kitu siku hizi,
na ufunguo.

Nilisubiri waondoke. Nilisubiri vumbi la gari litue.
Nikasimama nje ya nyumba yangu mwenyewe kama mgeni
nikauingiza.
Haukuingia.
Niliupaka mafuta, nikausugua kutu kwa kitambaa, nikajaribu tena.
Nilijaribu sanduku la bati, lango la zizi,
kufuli la baiskeli yako ambayo haina tena magurudumu.
Haukuwa wetu.

Wa nani, Eleuterio?
Kuna msichana mji mwingine aliyekuachia mlango wa nyuma?
Au ni wa mwenzako wa handaki,
aliyekwambia nishikie huu, narudi sasa hivi,
na wewe, ambaye hukuwahi kupoteza cha mtu,
ukaushika?

Nilikudhani wangu wote.
Nilikuwa na picha yako, deni lako (nililipa), mluzi wako.
Nawe ulikuwa na mlango nisioujua.

Nimefika hamsini na moja. Magoti yananiuma mvua ikikaribia.
Kitinda mimba wangu amekupita umri, kaka mkubwa,
na ananiuliza kwa nini nauweka msumarini hapa,
ufunguo usiofungua chochote.

Asiyekuwepo na lake halipo, watu husema.
Uongo. Lako lipo, naliona kila ninapotoka kununua mkate.
Huenda siku moja mtu atabisha hodi,
mzee kwa sasa, ana kofia mkononi,
aseme samahani, bibi, kuna kijana nilimwachia kitu.

Nitampa. Nitampa na maji ya ndimu,
na safari hii nitasimama pale pale mpaka ayanywe.